Mwaka Mpya wa Jirani Zetu wa Ethiopia

Tarehe 12 Septemba 2007 jirani zetu wa Ethiopia waliupokea mwaka 2000, miaka saba na miezi minane baada ya nchi nyingi za dunia. Wapo waliodhani kwamba wamechelewa. La hasha! Tofauti hiyo yatokana na hesabu yao wenyewe ya kuzaliwa kwa Kristo. Kalenda yao ina miezi 13: 12 ya siku 30, na mmoja wa siku tano au sita. Mwaka huanza mvua kubwa zinapokoma na maua ya manjano kutanda vilimani. Waitalia waliikalia nchi hiyo kwa nguvu tangu 1936 hadi 1941, kisha wakaondoka; hesabu ya wenyeji ikabaki. Taifa huru halilazimiki kuazima Januari ya wengine.