Kimaori: Lugha iliyookolewa na nyanya na wajukuu

MIONGONI mwa lugha zilizokaribia kuangamia kisha zikarejeshewa uhai, Kimaori cha New Zealand hutajwa mara nyingi, na kwa haki. Sheria ya 1867 kuhusu shule za wenyeji iliagiza masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na watoto wengi wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Waliolelewa hivyo walichelea kuwarithisha wana wao lugha iliyowaponza. Kufikia miaka ya 1970, waliokimudu Kimaori barabara walikuwa aghalabu wazee.

Mnamo 1972, vijana wa kundi la Nga Tamatoa na wenzao waliwasilisha bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Hata hivyo, mageuzi makubwa yalianza 1982, kilipofunguliwa huko Wainuiomata, karibu na Wellington, kituo cha kwanza cha kohanga reo, yaani ‘kiota cha lugha’. Humo watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule hulelewa kwa Kimaori pekee. Walezi walikuwa nyanya na babu, wengi wao bila cheti chochote cha ualimu, nao wazazi walishiriki kuendesha vituo. Hivyo lugha ilikiruka kizazi kilichoikosa, ikatoka kwa wazee moja kwa moja hadi kwa wajukuu. Kufikia 1994, vituo vilikuwa yapata 800, vyenye watoto 14,000 hivi.

Watoto hao walipokua walihitaji shule. Ya kwanza ilianzishwa 1985. Kimaori kilitangazwa lugha rasmi 1987, na televisheni yake ikaanza 2004. Mfuatano huo wafaa kuzingatiwa: serikali iliwakuta wananchi wakiwa wamekwisha kuanza kazi.

Ushindi haujakamilika. Sensa ya 2023 ilihesabu wasemaji zaidi ya 213,000, lakini wanafunzi wengi wakitoka darasani hurejea katika nyumba zinazotumia Kiingereza.

Nchini Kenya, kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Hata hivyo, Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walianza kuhamia Kimaasai mapema katika karne ya 20. Wanaisimu wamerekodi msamiati wao, kazi ya kusifiwa, ila kiota huhitaji nyanya anayeizungumza lugha yenyewe, na wazee wa aina hiyo wamebaki wachache mno.