Si (neno)

Si ni neno la silabi moja ambalo kwa Kiswahili hukana, ilhali katika lugha kadhaa za Ulaya hukubali, huweka sharti au hutaja tendo la kusema.

Kwa Kiswahili kazi yake kuu inajulikana: "Huyu si mgeni." Likiwa kiambishi hubeba ukanushi wa nafsi ya kwanza umoja (sijui, sikuja) na hujipenyeza katikati ya kitenzi (usiende, asiyejua). Lina kazi nyingine ambayo masomo ya sarufi huipita mbio, nayo ni tamu zaidi: "Si ulisema utakuja?" Hapo msemaji hakani kitu. Anamkumbusha mwenzake kauli yake na kungoja akubali. Kiganda na Kirundi nazo hukana kwa si, kwa hiyo neno hili si mali ya pwani peke yake.

Bara, katika wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, Kibantu hakikanushi peke yake. Kiiraqw, lugha ya Kikushi, hukanusha kwa kiambishi -ká mwishoni mwa kitenzi. Kwa Kiswahili ka ndiyo inayosukuma hadithi mbele: akaja, akaketi, akanena. Mtoto wa Kiiraqw anayejifunza Kiswahili shuleni huhamisha kukana kutoka mkiani mwa kitenzi hadi kichwani, na hukuta silabi aliyoizoea ikifanya kazi nyingine kabisa.

Ulaya kusini, maneno mawili ya Kilatini yamegongana. Sic, "hivyo", lilizaa sì ya Kiitaliano na sí ya Kihispania, yote mawili yakimaanisha ndiyo. Si ya Kilatini, "ikiwa", imebaki Kifaransa na Kihispania kwa maana ileile. Kihispania huzitenganisha kwa alama ya mkazo tu. Mwanzoni mwa karne ya 14, Dante aliainisha lugha tatu za jamii hiyo kwa namna watu wake walivyosema ndiyo: oc, oïl na sì. Jimbo la Languedoc nchini Ufaransa lilipata jina lake kutokana na oc.

Kifaransa kina si nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini. Mtu akiulizwa, "Hukuja jana?" naye alikuja, Mswahili hujibu, "La, nilikuja," au hutaja kitenzi tu, kwani "Ndiyo" ingeweza kueleweka kuwa hakuja. Mfaransa hujibu si, neno lililotengwa kwa ajili ya kupinga swali lenye ukanushi. Goma na Bukavu, ambako watu huzungumza Kiswahili na Kifaransa kila siku, sauti moja inaweza kukana katika sentensi hii na kukanusha ukanushi katika inayofuata.

Malindi na Watamu hali ni nyingine. Waitaliano wamekuwa wakifika huko kwa miongo mingi. Mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vijana wengi wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano, na kwao si ya mteja ni ruhusa ya kuendelea na biashara.

Kaskazini mwa Ulaya, si ya Kinorwei ni kitenzi: sema. Lugha hiyo ina historia Mbulu kwenyewe, kwani Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilianzishwa na wamisionari wa Norwei. Kislovenia hutumia si kwa maana ya "wewe ni".

Kufanana huku si ushahidi wa undugu. Silabi fupi namna hii hujitokeza popote, na wanaozichukua kuthibitisha asili moja ya lugha za mbali wanajidanganya.

Kwa herufi kubwa, SI ni mfumo wa kimataifa wa vipimo uliopewa jina hilo mwaka 1960. Herufi zake zinafuata mpangilio wa maneno ya Kifaransa. Si pia ni alama ya silikoni, na katika muziki wa Kiitaliano na Kifaransa ni noti ya saba, ambayo Waingereza huiita ti.