Kiberiti, Salfa na Usugu: Majina ya Mambo Yaupatayo Mwili wa Mnyama katika Nachingwea na Ruangwa

Miongoni mwa taaluma ambazo bado hazijapata istilahi za kutosha katika Kiswahili ni ile ichunguzayo jinsi miili ya wanyama inavyoyaitikia mazingira yao, pamoja na sumu na taka ambazo binadamu huziingiza katika mazingira hayo. Mfasiri akutanapo na maandishi ya taaluma hii kwa kawaida hukimbilia kutohoa: fiziolojia, ikolojia, toksikolojia. Hatuna ugomvi na utohoaji. Lakini katika makala haya tungependa kuonyesha kwamba mengi ya mambo yachunguzwayo na taaluma hii yalikwisha kupewa majina na wakulima na wafugaji, na kwamba majina hayo yana historia ambayo mfasiri asipoijua aweza kumpotosha msomaji, tena katika jambo la afya na mali. Mifano yetu tumeichukua katika wilaya mbili za Mkoa wa Lindi, yaani Nachingwea na Ruangwa.

Nachingwea iliingia katika vitabu vya historia mwaka 1947, pale Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulimwa zaidi ya ekari milioni 3. Mpango ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Udongo, mvua, pori na wadudu vilishughulikiwa kila kimoja peke yake, na ilikuwa hivyo hata katika majina, kwani neno moja la kuvikusanya vyote halikuwa limeenea. Neno mazingira, litokanalo na kitenzi zinga, yaani kuzunguka, lilikuwapo. Lakini uzito wake wa leo liliupata hasa baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm wa mwaka 1972. Ilipotungwa sheria ya mwaka 1983 iliyounda Baraza la Taifa la mambo hayo, neno lilikuwa tayari.

Kilichodumu katika eneo hilo ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei duni na watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao wakati wa kuanzisha vijiji. Lakini sababu mojawapo ilikuwa ugonjwa wa ukungu uyafunikao maua na majani machanga kwa unga mweupe. Ugonjwa huo huitwa ubwiriunga, na hili ni jina la kupigiwa mfano: ubwiri ni ukungu, na unga ni sura yake. Mkulima hulielewa bila kufafanuliwa.

Dawa yake ndiyo inayotuleta kwenye hoja. Tangu miaka ya 1980 mikorosho ya kusini hupuliziwa vumbi la manjano liitwalo salfa, hasa alfajiri za kipupwe, umande ukiwa bado majanini. Kitu hiki si kigeni katika Kiswahili. Jina lake la kale ni kiberiti, kutoka Kiarabu, nalo ndilo litumikalo katika Biblia palipo habari za kuangamizwa kwa Sodoma. Njiti za kuwashia moto zilipoletwa, zikiwa zimepakwa kiberiti, zilichukua jina hilo. Baadaye likazoeleka kwa njiti hata mwenyewe akaachwa bila jina. Hapo ndipo salfa ilipopata nafasi. Mwalimu wa kemia asishangae basi mwanafunzi asomapo kwamba kiberiti kilinyesha kutoka mbinguni akafikiri ni visanduku vya njiti.

Je, salfa ni sumu? Swali hili ni zito zaidi leo kuliko zamani. Kwa miaka mingi ng'ombe walikuwa wachache kusini kwa sababu ya mbung'o. Lakini kuanzia mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu, makundi ya ng'ombe yalielekezwa Mkoa wa Lindi, na mifugo ikajikuta jirani na mikorosho. Mfasiri wa maelezo ya dawa akiandika "si sumu", ataeleweka kwamba mnyama aweza kula majani yaliyojaa vumbi hilo bila hofu. Akiandika "ni sumu", mkulima aliyeona watu wakiishika miaka yote atamcheka. Ukweli ni kwamba salfa kidogo ni sehemu ya lishe ya mnyama. Lakini ikizidi, vijidudu vya tumbo la kwanza la mcheuaji huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza. Mnyama acheuapo huivuta gesi hiyo hadi mapafuni, nayo yaweza kuudhuru ubongo hata akapofuka na kukaa amegandamiza kichwa ukutani. Katika karne ya 16 tabibu Paracelsus alifundisha kwamba kipimo ndicho kitofautishacho sumu na kisicho sumu. Neno sumu pekee halibebi kipimo. Kwa hiyo twapendekeza mfasiri asiliache peke yake: aseme ni kwa kiasi gani, kwa mnyama gani, na kwa njia gani, kwa kula, kwa kuvuta pumzi au kwa kugusa.

Hoja ya pili ni juu ya mwili wenyewe. Wataalamu hutenga mambo matatu ambayo maandishi yetu huyachanganya. La kwanza ni badiliko la papo hapo, kama mbuzi ahemavyo juani. Hili twaona linafaa kuitwa mwitikio, kutokana na itika, kwa kuwa mwili huitwa nao ukajibu. La pili ni badiliko la siku au miezi katika maisha ya mnyama mmoja, nalo ndilo kuzoea. La tatu ni badiliko la vizazi: wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili sumu husalia, huzaana, na watoto wao hurithi uwezo huo.

Hili la tatu sasa huitwa usugu. Asili yake ni sugu, yaani ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mwenye jembe. Lakini sugu hupatikana katika maisha ya mtu mmoja wala hairithiwi! Hivyo neno lenyewe lamvuta msikilizaji kwenye maana ya pili, naye husema kupe "wamezoea dawa". Kosa hili lina gharama. Huko Afrika ya Kusini, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940, kupe walikuwa hawafi tena kwa aseniki ya majosho. Mfugaji aaminiye kwamba kupe wamezoea huongeza kipimo, akamdhuru ng'ombe huku akizidi kuwachuja kupe hodari. Ajuaye kwamba wenye kuhimili wamezaana hubadili aina ya dawa. Hatusemi neno usugu litupwe, kwani limekwisha kuenea. Twasema mwalimu alifundishe pamoja na neno kurithi.

Mfano wa mwisho ni wa zebaki, itumiwayo na wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini kuikamatia dhahabu, na katika Ruangwa dhahabu huchimbwa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, paka waliokula samaki walianza kuyumba na kufa kabla watu hawajaelewa jambo. Zebaki ilikuwa imelimbikana katika samaki, na kuzidi kila mnyama alipoliwa na mwingine. Kwa jambo la kwanza twapendekeza mlimbiko, neno ambalo mwenye kuweka akiba hulijua. Kwa la pili, mzidisho. Mtumishi wa wilaya aandikaye tangazo akisema tu kwamba maji "yamechafuka", wananchi watatazama kama maji ni maangavu, nao watayanywa.

Kazi ya istilahi, basi, haiishii katika kupata jina. Yatubidi kuuliza jina hilo litamfanya mwenye ng'ombe atende nini asubuhi ya pili, mikorosho ya jirani yake ikiwa imefunikwa na vumbi la manjano.