Umbizo la Faili kama Uamuzi wa Kihistoria: Ubora wa Picha za Kidijitali katika Uhifadhi wa Nyaraka za Kata ya Mbangala, Mkoa wa Songwe

1.0 Utangulizi

Historia andishi ya vijiji vya Tanzania haimo katika majalada ya serikali peke yake. Sehemu kubwa imo katika madaftari ya shule yaliyotumiwa na mabalozi wa nyumba kumi, makatibu wa vikundi vya wachimbaji wadogo na wazee wa makanisa. Nyaraka hizi kwa kawaida hazina nakala ya pili. Mtafiti anapozikuta uwandani hulazimika kuzinakili papo hapo, na chombo alicho nacho ni kamera ya kidijitali. Kabla hajapiga picha ya kwanza, kamera hiyo inakuwa tayari imepangwa kwa ukubwa fulani wa picha, kiwango fulani cha ubora na umbizo fulani la faili, yaani namna ambavyo taarifa za picha hupangwa na kuhifadhiwa.

Katika tasnifu nyingi jambo hili hutajwa kwa sentensi moja ndani ya sura ya mbinu za utafiti: kwamba nyaraka zilipigwa picha. Insha hii inatoa hoja kwamba kuchagua ubora na umbizo la picha ni sehemu ya uhakiki wa chanzo. Uchaguzi huo huamua ni nini msomaji wa baadaye ataweza kukiona iwapo karatasi asilia itatoweka. Hoja inajengwa kwa kutumia tukio lililomkuta mtafiti katika Kata ya Mbangala, kisha inafuatiliwa katika historia ya maumbizo yenyewe.

2.0 Mbangala na Nyaraka Zake

Mbangala ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Songwe, ambayo makao yake makuu yako Mkwajuni. Eneo hili limo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, uliovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza, uliomo katika wilaya hiyohiyo kwa mipaka ya sasa, uliendeshwa hadi miaka ya 1950. Baada ya migodi mikubwa kufungwa, uchimbaji mdogo uliendelea sambamba na kilimo na ufugaji.

Kiutawala, eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, hadi Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Mabadiliko hayo yana maana kwa mwanahistoria. Anayetafuta kumbukumbu za Mbangala za miaka ya 1980 hawezi kuishia Mkwajuni. Humbidi kwenda pia Chunya na Mbeya, na hata huko hukuta pengo. Kwa sababu hiyo, madaftari yaliyobaki mikononi mwa familia yana uzito mkubwa kuliko mwonekano wake.

3.0 Tukio la Uwandani

Katika safari ya kwanza, mwaka 2019, mtafiti alionyeshwa madaftari sita ya kurasa 96 kila moja. Yaliandikwa na mzee aliyekuwa balozi katika miaka ya 1980, na wakati huo yalitunzwa na mjane wake ndani ya sanduku la bati. Humo mzee aliorodhesha majina ya kaya, mwaka zilipohamia, na idadi ya eka ambazo kila kaya ilionyeshwa ili ifyeke pori na kulima. Maandishi ya awali yalikuwa ya wino wa bluu. Masahihisho yaliandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu, ambayo ilikuwa imepauka.

Mtafiti alikuwa na kamera ya pikseli milioni 24 na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8. Akihofia kwamba kadi ingejaa, na kwamba betri isingepata umeme hadi siku ya pili, alichagua picha ndogo ya JPEG yenye ubora wa kawaida. Alipiga kurasa mbilimbili, jumla ya picha 288. Alipozitazama katika kioo kidogo cha kamera, zote zilionekana safi.

Aliporejea mwaka 2022, madaftari manne yalikuwa yameliwa na mchwa. Mjane huyo hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa alikumbuka kwamba picha zilipigwa. Kaya yake na kaya jirani hazikuwa zikielewana kuhusu ukubwa wa shamba lililogawiwa zamani, na pande zote mbili zilikubali kwamba daftari la marehemu ndilo lingetoa jibu. "Mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyepiga. Basi nisomee." Mtafiti alifungua ukurasa huo katika kompyuta. Mbele ya jina la kaya kulikuwa na tarakimu 3 ya wino wa bluu, na juu yake kivuli cha rangi ambacho huenda kilikuwa sahihisho la kuifanya 8, huenda kilikuwa doa. Kadiri alivyokuza picha, ndivyo kivuli kilivyogeuka kuwa viraka vya mraba. Ilibidi amjibu: "Mama, siwezi kusema kwa hakika."

Tofauti ya eka 3 na eka 8 si ndogo kwa kaya inayoishi kwa kilimo. Katika orodha ya jumla iliyomo kwenye tasnifu, mtafiti ameandika usomaji wote wawili na kueleza sababu. Sababu hiyo haikuwa mchwa peke yao.

4.0 Chimbuko la Maumbizo na Makusudio Yake

Ili kuelewa kilichopotea katika picha ile, ni lazima kujua JPEG ilibuniwa kwa ajili ya nini. Msingi wake wa kihisabati ulitokana na wazo ambalo Nasir Ahmed alilianzisha mwaka 1972 na kulichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao mwaka 1974. Jopo la wataalamu ambalo herufi za mwanzo za jina lake ndizo zilizozaa neno JPEG liliundwa mwaka 1986, na kiwango chake kikapitishwa mwaka 1992. Wakati huo diski zilikuwa ndogo na mawasiliano ya kompyuta yalikuwa ya polepole. Lengo lilikuwa kupunguza ukubwa wa picha za kawaida bila jicho la mtazamaji kung'amua upungufu.

Kazi hiyo hufanyika kwa hatua. Kwanza, taarifa za mwangaza hutenganishwa na taarifa za rangi. Kwa kuwa jicho la binadamu ni hodari zaidi kutambua tofauti za mwangaza kuliko za rangi, taarifa za rangi kwa kawaida hupunguzwa hadi nusu au robo. Pili, picha hugawanywa katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande mabadiliko madogomadogo hukadiriwa au hutupwa. Kadiri kiwango cha ubora kinavyoshushwa, ndivyo kinachotupwa kinavyoongezeka. Kilichotupwa hakirudi. Aidha, faili likifunguliwa, likahaririwa na kuhifadhiwa upya kama JPEG, hasara nyingine huongezwa juu ya ile ya kwanza.

Kwa picha ya arusi au ya mandhari ya Ziwa Rukwa, makubaliano haya yana manufaa makubwa. Kwa ukurasa wenye wino uliopauka ni hatari. Wino mwekundu uliofifia hutofautiana na karatasi iliyogeuka manjano kwa rangi zaidi kuliko kwa mwangaza, na rangi ndiyo ambayo umbizo hili huipunguza kwanza. Sahihisho la mzee lilikuwa katika sehemu ileile ambayo wabunifu wa JPEG, kwa sababu nzuri za wakati wao, walikwishaamua kwamba haina umuhimu.

Umbizo la TIFF lina historia tofauti. Lilitolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1986 kwa ajili ya mashine za kuskani na uchapishaji, na toleo lake la sita lilitoka mwaka 1992. Linaweza kuhifadhi kila pikseli bila kutupa chochote, na maelezo yake yako wazi kwa umma. Faili ghafi nalo, ambalo wapigapicha huliita RAW, ni kumbukumbu ya kile ambacho kihisi cha kamera kilikipokea kabla kamera haijaamua juu ya rangi na mwangaza. Hapa idadi ya ngazi za mwangaza ni muhimu: JPEG ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Tofauti hafifu kati ya wino na karatasi inaweza kukuzwa baadaye kutoka katika ngazi hizo nyingi. Katika ngazi chache inaweza kuwa imekwisha kufutwa.

5.0 Nakala Kabla ya Kamera ya Kidijitali

Tatizo la nakala inayochukua nafasi ya asili halikuanza na kamera hizi. Vitabu vya Wilaya vya enzi ya ukoloni, vilivyo miongoni mwa vyanzo vinavyotumiwa sana na wanahistoria wa Tanganyika, vilinakiliwa katika maikrofilamu na kusomwa na watafiti wengi mbali na Dar es Salaam. Filamu nyeusi na nyeupe iliwawezesha kuyafikia maandishi, lakini haikuweza kuwaonyesha rangi za wino, ambazo mara nyingi ndizo hutofautisha mkono wa mwandishi wa kwanza na wa aliyesahihisha.

Katika karne hii, taasisi zimejifunza kutenganisha nakala ya kuhifadhi na nakala ya kutumia. Programu ya Maktaba ya Uingereza ya kunusuru nyaraka zilizo hatarini, iliyoanza mwaka 2004, na ambayo chini yake hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha, imekuwa ikitaka nakala za kuhifadhi ziwe katika TIFF isiyobanwa. JPEG hutengenezwa kutokana na nakala hizo kwa ajili ya wasomaji.

Kwamba tahadhari hii si ya kupita kiasi kulidhihirika mwaka 2013. Mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine za kunakili za Xerox zilikuwa zikibadili tarakimu katika nakala. Katika ramani moja ya jengo, vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vilitoka vyote vikiwa na namba ileile. Chanzo kilikuwa njia ya kubana faili iitwayo JBIG2, ambayo hulinganisha alama zinazofanana na kuzitumia moja badala ya nyingine. JPEG haibadilishi tarakimu kwa namna hiyo, yenyewe hufifisha. Hata hivyo, visa vyote viwili vinafundisha kwamba kubana faili kunaweza kugusa maana ya hati, wakati ukurasa kwa jumla unaonekana mzima.

6.0 Mjadala

Mtetezi wa JPEG anaweza kuuliza: je, mtafiti wa Mbangala alikuwa na njia nyingine? Hesabu inatoa jibu. Faili ghafi la pikseli milioni 24 kwa biti 14, lisipobanwa, huchukua takribani megabaiti 42. Picha 288 zingehitaji takribani gigabaiti 12, zaidi ya uwezo wa kadi ile. Lakini JPEG kubwa ya ubora wa juu huchukua takribani megabaiti 10. Picha zote zingechukua chini ya gigabaiti 3 na kadi ingebaki na nafasi. Zaidi ya hayo, kurasa zenye masahihisho mekundu zingeweza kupigwa katika faili ghafi na zilizobaki katika JPEG kubwa. Hofu ya kujaa kwa kadi ilitangulia hesabu.

Faili ghafi nalo halikosi dosari. Kila kampuni ya kamera ina umbizo lake, na hakuna uhakika kwamba programu za miaka 50 ijayo zitalisoma. Mwaka 2004 kampuni ya Adobe ilitoa umbizo la wazi la DNG ili kukabili tatizo hilo, lakini si kampuni zote zilizolikubali. JPEG, kwa kuenea kwake, hufunguka karibu katika kila simu, na hilo ni jambo la haki kwa wenye nyaraka: mjane wa Mbangala hawezi kupewa faili ghafi akaambiwa amerudishiwa daftari lake. Kwa hiyo maumbizo haya yanatumikia haja mbili tofauti, na kosa ni kuliacha moja lifanye kazi ya jingine.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaielekeza mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, kuzingatia namna taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Mwanahistoria si wakili wa pande zinazogombea, lakini picha zake zinaweza kuwa kumbukumbu pekee iliyobaki. Akishindwa kueleza alivyoipanga kamera yake, amepunguza thamani ya ushahidi wa watu waliomwamini.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba umbizo la faili hubeba maamuzi ya watu wengine kuhusu kilicho muhimu katika picha, na kwamba mtafiti anayelitumia bila kulichunguza huyafanya maamuzi hayo kuwa yake. Inapendekezwa kwamba sura ya mbinu za utafiti itaje aina ya kamera, ukubwa wa picha, kiwango cha ubora na umbizo lililotumika, kama inavyotaja idadi ya wasailiwa. Nakala ya kuhifadhi iwe faili ghafi lililogeuzwa kuwa TIFF au DNG bila kulifuta lile la asili. Hilo lisipowezekana, iwe JPEG kubwa ya ubora wa juu ambayo haihifadhiwi upya baada ya kuhaririwa. Nakala za JPEG zirudishwe kwa wenye nyaraka. Zaidi ya yote, ukurasa wenye wino wa aina mbili ukuzwe na kukaguliwa papo hapo, mwenye daftari akiwapo.

Madaftari mawili yaliyosalia yalipigwa upya mwaka 2022 kwa faili ghafi, na masahihisho yake mekundu yanasomeka. Ukurasa wa eka 3 au 8 haukuwa miongoni mwake.