Nyumba Inayopanda Punda

Hapa Oldonyiro, mama wa Kisamburu hujenga nyumba mwenyewe: fito, ngozi, na mavi ya ng'ombe ya kukandikia. Malisho yakiisha, fito zinapakiwa kwa punda, zinajengewa tena mbele.

Uingereza ilianza kupima majengo ya kijani mwaka 1990, kwa mfumo wa BREEAM. Marekani ikaja na LEED mwaka 1998. Nimezisoma kanuni za LEED za 2009. Cheti kinaanzia pointi 40 kati ya 110, na kutumia tena vifaa vya zamani kuna pointi zake. Fito zetu hapo zingepita! Kumbe kuna masharti kabla ya pointi: jengo lisipungue mita za mraba 93, na lisiwe la kuhamishwa. Yaani punda anayeokoa fito ndiye anayeiponza nyumba. Walioandika sharti hilo, nadhani, waliwaza nyumba za magurudumu.