Mji ulioifungia mlango Scream

Desemba 2026 filamu ya Scream inatimiza miaka 30. Kinyago chake cheupe kinajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuiona, lakini mwongozaji wake, Wes Craven, anastahili kukumbukwa kwa makubwa zaidi ya kinyago.

Filamu za muuaji mwenye kisu zilishika kasi baada ya Halloween ya 1978 na Friday the 13th ya 1980. Kufikia miaka ya 1990 watazamaji walishazichoka, maana walijua nani atakufa na lini. Mwandishi wa Scream, Kevin Williamson, akawapa vijana wa hadithi yake ujuzi huohuo: wameziona filamu hizo, wanazitaja kwa majina, na bado wanachinjwa.

Ugomvi ulizuka Santa Rosa, California, Craven alipotaka kutumia sekondari ya mji huo. Santa Rosa haikuwa ngeni kwa kamera. Alfred Hitchcock alipigia hapo Shadow of a Doubt ya 1943, nayo ni hadithi ya muuaji anayejificha kwa ndugu zake. Safari hii, hata hivyo, kidonda kilikuwa kibichi. Mwaka 1993, Petaluma jirani, msichana wa miaka 12 alitekwa usiku nyumbani kwao akauawa, na kesi ilikuwa ikiendelea mwaka 1996, Craven alipoiomba shule hiyo. Bodi ya shule ikakataa. Craven akahamia jengo la kijamii la Sonoma, akaligeuza shule, kisha kwenye orodha ya shukrani akaandika kwamba bodi hiyo haishukuriwi hata kidogo.

Uchungu wa wazazi wa huko nauelewa. Ila naamini waliopinga waliiona damu, wasiione huzuni. Mhusika mkuu, Sidney, ni binti anayemlilia mama yake aliyeuawa, na filamu haimfanyii mzaha kwa hilo. Tazama pia Randy, bingwa wa kanuni za filamu hizi: yuko peke yake kwenye kochi, anatazama Halloween, anamsihi mhusika ageuke nyuma. Muuaji amesimama nyuma yake yeye.

Scream ilivuna zaidi ya dola milioni 170 duniani. I Know What You Did Last Summer ikafuata 1997. Scary Movie ya 2000 ikageuza yote kuwa kichekesho. Craven alifariki 2015, na tangu 2022 mfululizo wa Scream umefufuliwa na waongozaji wengine. Waigaji wengi, kwa bahati mbaya, walichukua utani wa Williamson wakayaacha maombolezo ya Sidney.