Tatu ya Tano

Muuguzi mpya aliyepangiwa Hospitali ya Somanda, mjini Bariadi, hajadiliani mshahara na mtu. Anakabidhi vyeti, anajaza fomu, kisha ngazi yake inasomwa kwenye jedwali la TGHS, ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini. Mwenye astashahada ana pake, mwenye stashahada pake, mwenye shahada pake. Jedwali halijali kama umeripoti Ilala au Simiyu. Wengi huiita hiyo haki, na ni haki kweli, hasa ukikumbuka lililokuwepo zamani.

Mwaka 1948 Kamisheni ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, iliikubali kanuni ya tatu ya tano: asiye Mzungu, hata akiwa na sifa zile zile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Mwenzako anachukua shilingi mia, wewe sitini. Hoja za kuitetea hazikukosekana, ila zote zilianza kwa kumtazama mlipwaji, kazi ikafuata baadaye. Kamisheni ya Lidbury iliifuta kanuni hiyo mwaka 1954, lakini wageni wakawekewa nyongeza ya kuwavutia waje. Pengo likabaki, limebadili jina tu.

Baada ya uhuru kipimo kikawa mkulima. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wahitimu wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Nyerere aliwafukuza chuoni, akakata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Mimi naiheshimu hoja yake kuliko wengi wa rika langu. Huku kwetu kwenye pamba, ndugu wa muuguzi hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka, msimu ukifunguliwa na mizani ikiwa ya kweli. Yeye analipwa kila mwezi. Ni vigumu kumlalamikia mjomba aliyetoka kupalilia.

Lakini wale wa 1966 walikuwa na ajira zinazowasubiri. Miaka ya 1990, kwa masharti ya kurekebisha uchumi, serikali ilisimamisha sehemu kubwa ya ajira, na tangu hapo kumaliza chuo na kuajiriwa ni mambo mawili tofauti. Katikati yake pamezaliwa neno zuri: kujitolea. Mhitimu mwenye leseni anavaa sare, anaingia zamu, anatundika dripu, anapokea mtoto saa tisa usiku. Mwisho wa mwezi anapewa nauli, kama ipo. Mgonjwa hamwiti kwa ngazi yake; anaita, "Nesi!"

Tukibishana kuhusu mshahara wa kuanzia tunataja tarakimu. Mwaka 2012, ambao ndio mkoa wa Simiyu ulipoundwa, madaktari waligoma, na shilingi milioni 3.5 walizodai ziwe za kuanzia bado watu wanazikumbuka. Swali ninaloliona zito zaidi ni kuanzia lini. Ajira ikipatikana, aliyejitolea miaka mitatu anawekwa kwenye hatua ya kwanza ya ngazi yake, sawasawa na aliyemaliza chuo juzi. Usiku wote ule haumo kwenye hesabu.

Makato ndiyo hayasahau. Kama alisoma shahada kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi bado. Deni la chuo limehesabiwa tangu siku alipolichukua. Kazi yake imeanza kuhesabiwa leo asubuhi, alipokabidhi vyeti.